Mita tatu, chemba mia nne: tuanzie wapi kupima mtiririko wa majitaka?

Swali: Mimi ni fundi mkuu katika kitengo cha majitaka cha manispaa. Mtandao wetu una chemba zipatazo mia nne na kituo kimoja cha pampu. Mvua ikinyesha, chemba za bondeni zinafurika na mtambo wa kutibu majitaka unazidiwa. Tumeidhinishiwa mita tatu za mtiririko. Wakubwa wanataka zifungwe haraka, na kila muuzaji anasifia yake. Tununue ipi, tuzifunge wapi, na tutajuaje kwamba namba zinazotoka ni za kweli?

Jibu: Ndugu yangu, umeuliza mambo matatu kwa mpangilio ambao wauzaji wanaupenda: mita ipi kwanza, halafu wapi, halafu ukweli wa namba. Naomba niupindue. Ukishajua unatafuta nini na ni chemba gani itakuonyesha, kuchagua mita kunakuwa kazi nyepesi. Ukianza na mita, utajikuta unazunguka mtaani kutafuta chemba itakayoifaa.

Tuanze na tatizo lenyewe. Kufurika wakati wa mvua kuna vyanzo vitatu tofauti. Cha kwanza, maji ya mvua yanaingia moja kwa moja: mabomba ya paa yaliyounganishwa kwenye laini ya majitaka, mifuniko iliyokaa chini kuliko usawa wa barabara, au mtaro wa mvua ambao mtu aliuelekeza kwenye chemba ya jirani. Cha pili, maji ya ardhini yanapenya kwenye maungio na nyufa za mabomba udongo ukishalowa. Cha tatu, maji wala si mengi, ila bomba la chini limejaa mchanga, mafuta yaliyoganda na matambara, kwa hiyo mvua kidogo tu inatosha kuyarudisha nyuma. Tiba zake hazifanani hata kidogo. Moja ni kukata miunganisho, nyingine ni kukarabati mabomba, ya tatu ni kusafisha. Manispaa inayochimba barabara na kulaza bomba kubwa zaidi, kumbe tatizo lilikuwa tope, imezika fedha za wananchi. Mita tatu zikitumiwa vizuri zinatosha kutenganisha vyanzo hivi, na hiyo ndiyo kazi ambayo mimi ningezipa.

Ila hata kabla hazijafika, kipimo mnacho tayari: kituo cha pampu. Chukua saa na fimbo yenye alama za sentimita. Tuseme kisima cha pampu kina kipenyo cha mita 2, yaani eneo la mita za mraba 3.14. Zima pampu, uangalie maji yanavyopanda. Yakipanda nusu mita kwa dakika 4, yameingia mita za ujazo 1.57 kwa sekunde 240, ambayo ni lita 6.5 kwa sekunde. Sasa washa pampu moja. Yakishuka nusu mita ileile kwa dakika 2, kisima kinapungukiwa lita 13.1 kwa sekunde huku lita 6.5 zikiendelea kuingia, kwa hiyo pampu inasukuma kama lita 19.6 kwa sekunde. Rudia mara kadhaa katika saa ambazo maji yanaingia kwa utulivu, uchukue wastani. Kuanzia hapo, saa za kazi za pampu zinageuka kuwa ujazo. Siku kavu pampu ikifanya kazi kwa jumla ya saa 9, mmesukuma takriban mita za ujazo 635. Siku ya mvua ikifika saa 17, ni kama mita za ujazo 1,200. Mmeshajua mvua inaongeza kiasi gani, bila kununua kitu. Pampu mbili zikifanya kazi pamoja usizidishe mara mbili, maana zinasukuma kwenye bomba moja na kila moja inapunguza uwezo wa mwenzake. Zipime zikiwa pamoja. Na rudieni jaribio hili kila baada ya miezi michache, kwa sababu panga za pampu huchakaa na uwezo hushuka kimyakimya.

Sasa mahali pa kufunga. Ushauri wangu ni mita moja ikae, mbili zihame. Ile ya kukaa iwekwe kwenye bomba kuu, juu kidogo ya mtambo wa kutibu, yaani kabla maji hayajaufikia, sehemu ambayo maji yanayorudishwa nyuma na mtambo hayafiki. Hiyo ndiyo itakayokwambia jumla. Zile mbili zianze kwenye matawi mawili makubwa yanayokutana hapo. Baada ya mvua tatu au nne za ukubwa tofauti, utaona tawi moja linaitikia mvua kuliko jingine. Liache lile tulivu, hamisha mita zote mbili upande wenye tatizo, uligawe tawi hilo nalo sehemu mbili. Ukigawa hivi mara tatu tu, umebaki na moja ya nane ya mtandao, ambayo ni kama chemba hamsini. Hizo mnaweza kuzikagua kwa macho na kwa kupuliza moshi. Moshi ukisukumwa kwenye chemba hutokea kwenye mabomba ya paa yaliyounganishwa isivyo halali, na hapo hakuna mwenye nyumba wa kubishana nawe.

Usifunge mita ya mtiririko kwenye ile chemba inayofurika. Naelewa kishawishi, kwa kuwa ndiyo inayolalamikiwa, lakini wakati wa kufurika maji ndani yake yanakuwa yamesimama au yanasuasua, na mita inahitaji maji yanayokwenda. Chemba ile inatosha kihisi cha kina peke yake, ambacho ni rahisi zaidi, ili mjue ilianza kujaa saa ngapi na ilikaa hivyo kwa muda gani. Vipimo vya muda vina thamani yake. Huko England, kufikia mwisho wa 2023, kila tundu la dharura linalomwaga majitaka ya mvua kwenye mito na bahari lilikuwa limefungiwa kifaa kinachorekodi lilianza lini na lilimwaga kwa muda gani, na takwimu hizo zimekuwa hoja kubwa kwa umma. Kumbuka tu kwamba muda si ujazo. Saa mbili za kuchuruzika na saa mbili za kufoka zinaandikwa namba ileile.

Ukiipata chemba unayoitaka, iangalie kwa makini. Bomba linaloingia liwe limenyooka kwa urefu wa kutosha, lisiwe na kona wala bomba la pembeni linalomwaga karibu, na maji yasiwe yanaruka au kuporomoka. Uso wa maji uwe laini. Kina cha kawaida kizidi sentimita 5 hivi, vinginevyo kihisi chenyewe kitakuwa kizuizi. Kasi ikae juu ya mita 0.6 kwa sekunde angalau mara moja kwa siku, kwa sababu chini ya hapo mchanga hutua na kukifukia kihisi. Pima kipenyo cha bomba mwenyewe, wima na kwa ulalo, na usiamini ramani. Mabomba hubonyea, na ramani nyingi zinaonyesha kilichopangwa, ambacho si lazima kiwe ndicho kilicholazwa.

Hapa nataka nikuonyeshe kosa dogo lilivyo ghali. Bomba la milimita 300, maji yana kina cha milimita 100 na kasi ya mita 0.7 kwa sekunde. Eneo la maji ni mita za mraba 0.0206, na mtiririko ni lita 14.4 kwa sekunde. Kihisi kikisoma milimita 110 badala ya 100, eneo linakuwa 0.0235 na mtiririko unapanda hadi lita 16.4. Milimita kumi, upana wa kidole, zimeongeza asilimia 14. Mchanga uliotua ndani ya bomba nao unaweza kuleta kosa bila kifaa kuharibika hata kidogo. Ndiyo maana kila mnapokwenda kwenye chemba, pimeni kina kwa rula na tope kwa fimbo, mwandike.

Tukifika kwenye aina ya mita, ziko familia chache. Kuna zinazopima kina tu na kukisia mtiririko kwa kanuni ya Robert Manning, mhandisi wa Ayalandi aliyeiwasilisha mwaka 1889. Unampa mteremko, ukwaruzo wa bomba na kina, naye anakupa kasi. Kuna vizingiti vya pembe ya V, yaani bamba lenye mkato wa V linalozuia maji yapite kwenye mkato huo, na mifereji ya kupimia kama ule wa Parshall, ambako kina kinatoa mtiririko kwa uhakika kwa sababu umbo limejulikana. Kizingiti cha V cha nyuzi 90, kwa mfano, maji yakisimama sentimita 10 juu ya ncha yanapita takriban lita 4.4 kwa sekunde, na sentimita 20 ni karibu lita 25. Mfereji ni kifaa bora kwenye mlango wa mtambo. Kizingiti kwenye laini ya majitaka kifunge kwa siku chache tu, maana kinanasa matambara na kutuamisha tope nyuma yake. Kuna mita za sumakuumeme, nzuri sana kwa bomba la shinikizo linalotoka kwenye pampu, mradi bomba lijae muda wote. Na kuna zinazopima kina na kasi kwa pamoja, ama kwa kihisi kinacholala chini ya maji na kutuma mawimbi ya sauti yanayogonga chembe na kurudi, ama kwa rada inayoning'inia juu ya maji.

Kwa kazi yenu, nunueni hizi za mwisho, za kina na kasi. Za kina peke yake zitawadanganya palepale mnapohitaji ukweli. Chukua bomba lile la milimita 300, lenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 200. Likijaa nusu na maji yakienda kwa uhuru, kasi yake ni karibu mita 1 kwa sekunde na mtiririko ni kama lita 34. Sasa tuseme chini yake pameziba. Kina kinapanda hadi milimita 250, lakini kasi inaanguka hadi mita 0.2. Mtiririko wa kweli ni chini ya lita 13 kwa sekunde. Kanuni ya Manning, ambayo haijui kuhusu mzibo wenu, itasoma kina hicho na kutangaza karibu lita 69. Kosa la mara tano, tena la kumshawishi mtu kwamba bomba ni dogo na linahitaji kubadilishwa.

Mfano huohuo unaonyesha njia bora ninayoijua ya kuzihoji data. Chora grafu yenye kina upande mmoja na kasi upande wa pili, uweke nukta moja kwa kila kipimo. Bomba lenye afya hutengeneza mkunjo mmoja safi: kina kikipanda, kasi nayo inapanda. Nukta zikiachana na mkunjo zikaelekea kwenye kina kikubwa na kasi ndogo, maji yanarudi nyuma, kuna kitu huko chini. Nukta zote zikihama kwa pamoja, mkunjo ukabaki umbo lilelile ila umesogea, shuku tope limeinuka au kihisi kimesogezwa. Zikitawanyika ovyo bila umbo lolote, kihisi kimevaa tambara. Fundi aliyezoea grafu hii anaweza kutambua tatizo la bomba akiwa ofisini, kabla mwananchi hajapiga simu. Ningependa kila kitengo cha majitaka kiibandike ukutani, chemba kwa chemba.

Kila kifaa kina udhaifu wake. Vile vya sauti vinavyolala ndani ya maji vinahitaji chembe za kurudisha mwangwi. Usiku, maji yakiwa mepesi, usomaji unaweza kukatika. Vinavyotazama maji kutoka juu kwa sauti vinasumbuliwa na povu, mvuke na utando wa buibui. Rada haisumbuliwi sana na povu wala mvuke, ila nayo inataka uso wa maji wenye mawimbi madogo ili isome kasi. Muulize muuzaji kama atakufundisha kukisafisha kifaa chake na kukihakiki, vipuri vinapatikana kwa muda gani, na kama data unaweza kuzipakua bila kulipia programu yake kila mwaka. Majibu ya maswali hayo yana uzito kuliko usahihi ulioandikwa kwenye kijitabu. Usahihi ule ulipimwa maabara, kwenye maji safi. Chini ya barabara, mita iliyofungwa vizuri na kutunzwa ikikupa ukweli ndani ya asilimia 10, shukuru.

Kwa sababu hiyo, usijenge hoja kwenye tofauti ndogo kati ya namba mbili kubwa. Mita ya juu ikisoma lita 40 na ya chini lita 43, usiseme lita 3 zimepenya katikati. Tofauti hiyo inaweza kuwa ni mita zenyewe.

Mpange mita zirekodi kila dakika 5 au chini ya hapo. Pampu ikiwa juu ya chemba yenu, maji yanakuja kwa vipindi, na mita inayosoma kila dakika 15 inaweza kukutana na wimbi kila mara au isikutane nalo kabisa. Saa za mita zote zilingane. Na tafadhali nunueni kipimamvua kinachorekodi chenyewe, maana mtiririko bila mvua ni nusu ya habari. Mvua ya milimita 10 kwenye eneo la hekta 50 ni mita za ujazo 5,000. Kama siku hiyo laini ilipitisha mita za ujazo 250 zaidi ya siku kavu, asilimia 5 ya mvua yote imeingia kwenye majitaka. Asilimia hiyo ndiyo mtakayoilinganisha tawi kwa tawi.

Umbo la ongezeko nalo linaongea. Mtiririko ukipaa dakika chache baada ya mvua kuanza na kushuka mara inapokoma, ni paa, mifuniko na mitaro. Ukipanda polepole na kubaki juu kwa siku kadhaa, ni maji ya ardhini. Hili la pili linathibitishwa usiku. Angalia siku kavu, kati ya saa 8 usiku na saa 11 alfajiri, watu wakiwa wamelala. Mtaa wa makazi ambao wastani wake wa siku ni lita 15 kwa sekunde na saa hizo bado unapitisha lita 9 una maji yasiyo ya watu. Kabla ya kuhukumu, uliza kama kuna kiwanda au hospitali inayofanya kazi usiku. Kisha chota sampuli saa hiyo. Majitaka halisi yana rangi, harufu na chumvi. Maji yaliyopenya yanakuja karibu meupe, na kwa kawaida kipimo cha upitishaji umeme kitashuka. Msishangae mkigundua kwamba sehemu yake ni maji ya bomba la kunywa linalovuja jirani.

Kumbukumbu hizi zina wateja wengine pia. Mwaka 2022 virusi vya polio viligunduliwa kwenye majitaka ya London, na uchunguzi wa aina hiyo unaendelea sehemu nyingi. Maabara inapopata kiasi cha virusi kwa lita, inahitaji kujua lita ngapi zilipita siku hiyo, la sivyo mvua itafanya ugonjwa uonekane umepungua.

Jambo la usalama silipunguzi hata neno. Chemba inaua. Hidrojeni salfaidi, ile gesi ya harufu ya yai bovu, ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Ikifika kama sehemu 100 kwa milioni hulevya pua, hivyo mtu anadhani imeondoka. Ikifika mia kadhaa humwangusha. Pimeni oksijeni kwanza, kisha gesi zinazowaka, kisha gesi za sumu, kwa kina tofauti, kabla ya kuingia na muda wote mtu akiwa ndani. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, chini ya 19.5 hakuna kuingia. Awepo mtu juu, mkanda na winchi ya kumvutia aliye ndani. Mwenzenu akianguka, avutwe kutoka juu. Asiingie mtu kumfuata bila kifaa cha kupumulia, kwa sababu watu wengi wamekufa kwenye chemba wakikimbilia kuokoa. Mawingu yakiwa mazito upande wa juu wa mtandao, ahirisheni. Na ikiwezekana, chagueni kifaa kinachofungwa kwa fimbo kutoka juu, asiingie mtu kabisa. Kwangu hiyo peke yake ni sababu tosha ya kulipia rada.

Wakubwa wakiuliza matokeo baada ya wiki mbili, waonyeshe hesabu za pampu na mkunjo wa siku kavu. Hayo mtakuwa nayo. Majibu kuhusu mvua waambie yanahitaji mvua zenyewe, tena kadhaa. Kila mita itembelewe mara moja kwa wiki mwezi wa kwanza, baadaye kila wiki mbili, na daftari lake liandikwe tarehe, saa, kina kwa rula, kina cha tope, kasi kwa kifaa cha mkononi, na kilichoondolewa kwenye kihisi. Mkisahihisha data, sahihisheni nakala. Faili la asili lisiguswe, maana miaka mitatu ijayo mtu atataka kujua kama kilele kile kilikuwa mvua au tambara, na daftari pamoja na faili hilo ndivyo vitakavyomjibu.